Sura ya Tisa: Feni Zinazunguka, Skrini Giza

Kompyuta mpya ikikataa kuamka, uliza kwanza imefika wapi. Swali la kipi kimeharibika ni la baadaye, na wanaoanza nalo ndio hurudisha Nairobi madabodi nzima kwa sababu ya waya mmoja. Kati ya kidole kugusa swichi na picha kutokea kwenye skrini kuna hatua kadhaa, kila hatua ikingoja iliyotangulia imalize, na mashine ikikwama huwa imekwama kwenye hatua moja. Ukishaijua hatua hiyo, unabaki na vipande viwili au vitatu vya kushuku badala ya kumi.

Nalikazania jambo hili kwa sababu ya mahali tulipo. Ushauri mwingi kuhusu tatizo hili hutolewa na watu wenye ghala la vipuri: weka pawa saplai nyingine iliyo nzima, jaribu RAM nyingine, badilisha prosesa uone. Fundi wa Luthuli Avenue jijini Nairobi anaweza kufanya hivyo, maana akikosa kipande dukani mwake atavuka barabara aazime kwa jirani. Kitale iko takriban kilomita 380 kutoka barabara hiyo, na Bungoma nayo si karibu. Kipande kikipanda basi la usiku kwenda na kingine kikaja kuchukua nafasi yake, siku za kazi zimekwisha na gharama ya mzigo imeongezeka. Mwenye saiba anayeingoja mashine hiyo anakosa wateja wa eCitizen, wa kodi za KRA, wa fomu za vyuo. Kwa hiyo fundi wa huku hana budi kuihoji mashine yenyewe. Nayo hujibu, mradi ujue lugha yake.

Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, mashine za ukoo huo huanza kila siku kwa kujipima. Ile ya 1981 ikimaliza kujipima salama ilitoa mlio mmoja mfupi, na ikiona kasoro ilibadilisha milio. Mengi yamebadilika ndani ya kasha tangu wakati huo, lakini desturi ya kujipima imebaki. Katika mashine za leo, kwanza ni stima. Pawa saplai ikiwa imechomekwa ukutani, hata kabla hujagusa swichi, hupeleka volti 5 ndogo za kusubiri kwenye madabodi. Ukibonyeza swichi, madabodi huuvuta waya mmoja, ule wa kijani katika plagi kubwa ya pini 24, hadi chini kabisa, na hiyo ndiyo amri ya kuwasha. Pawa saplai hutoa volti 12, 5 na 3.3, hujikagua, kisha ndani ya sehemu ya sekunde hutuma ishara kwamba stima imetulia. Prosesa haifanyi chochote mpaka ipate ishara hiyo. Ikiipata, inasoma maagizo ya BIOS, inaitafuta RAM na kuipima, inatafuta kifaa cha kutoa picha, na mwisho kabisa inatafuta diski yenye mfumo wa kuendesha kompyuta.

Madabodi nyingi za miaka ya karibuni huonyesha safari hiyo kwa vitaa vinne vidogo vilivyopangwa ukingoni, vikiwa na maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kila kimoja huwaka hatua yake inapopimwa, kikazimika ikipita. Kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha penye kizuizi. Zisizo na vitaa zina pini nne za kuchomekea spika ndogo ya milio. Spika hiyo ni ya bei ndogo sana, na ningependa kila fundi awe nayo mfukoni, kwa sababu makasha mengi ya sasa huuzwa bila hiyo. Tafsiri ya milio hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo isome katika kijitabu cha madabodi yako. Usiikisie.

Nitaeleza mashine moja niliyoiunda Kitale kwa ajili ya mwalimu mmoja wa Bungoma, maana iliugua maradhi mawili kwa wakati mmoja, na maradhi mawili yakikutana kila moja huficha lingine. Ilikuwa na prosesa ya Intel i5-12400F, vipande viwili vya RAM na kadi ya grafiki nzito. Ilifanya kazi usiku kucha mezani. Asubuhi ikapakiwa kwenye matatu, ikapitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na jioni simu ikalia.

"Mulembe, fundi. Hii mashine inanguruma tu. Skrini ni nyeusi tii."

"Mulembe sana, mwalimu. Feni zote zinazunguka?"

"Zote."

"Basi stima inafika. Hebu fungua ule ubavu wa kioo, usiguse kitu kwanza. Ukingoni mwa madabodi kuna vitaa vinne. Kipi kimewaka?"

"Kimoja, cha manjano. Kimeandikwa DRAM."

Jibu hilo moja lilitupunguzia kazi kubwa. Stima ilikuwa imefika, prosesa ilikuwa imeamka na kusoma BIOS, na sasa ilikuwa inaitafuta RAM bila kuipata. Kadi ya grafiki, diski na skrini hazikuwa na hatia yoyote kwa wakati huo, kwa sababu zamu yao ilikuwa haijafika. Nilimwomba azime, achomoe waya ukutani, abonyeze swichi ya kuwasha mara moja ili stima iliyobaki imalizike, aguse chuma tupu cha kasha, kisha avitoe vipande vya RAM.

Kuna jambo kuhusu RAM linalowapotosha hata wenye uzoefu. Kwenye madabodi nyingi za sasa, kishikio kinachofunguka kiko upande mmoja tu. Upande wa pili hauna cha kufungua wala kufunga, kwa hiyo kipande kinaweza kuinuka milimita moja huko na bado jicho likaona kimekaa sawa. Sikio ndilo la kutegemea. Bonyeza kwa vidole gumba viwili, ncha moja baada ya nyingine, mpaka usikie kishikio kikilia. Kabla ya hapo tazama pengo kwenye meno ya dhahabu lioane na kizuizi cha tundu. DDR4 na DDR5 zina pengo mahali tofauti makusudi, ili moja isiingie kwenye nyumba ya nyingine, na anayelazimisha huvunja tundu. Nilimwambia mwalimu aweke kipande kimoja tu, katika tundu la pili kutoka kwenye prosesa. Kwenye madabodi nyingi zenye matundu manne hilo ndilo tundu la kipande cha kwanza, ingawa mkono wa kila mtu huanzia lililo karibu.

"Kitaa kimezimika," akasema. "Vyote vimezimika sasa. Lakini skrini bado nyeusi, fundi."

Hapa ndipo wengi wangekata tamaa. Skrini haikubadilika, kwa hiyo mtu anadhani dawa haikufanya kazi. Anarudisha RAM kama ilivyokuwa, anaanza kuishuku prosesa, na keshokutwa madabodi iko ndani ya basi la Nairobi. Lakini vitaa vilikuwa vimesema habari nyingine kabisa: mashine ilikuwa imepita RAM, ikapita grafiki, ikaipata diski. Nikamwomba abonyeze Caps Lock kwenye kibodi. Taa ya kibodi ikawaka, akabonyeza tena ikazima. Mashine isiyoamka haiwezi kufanya hivyo. Ilikuwa hai, imekaa inangoja nywila.

"Waya wa skrini umeuchomeka wapi, mwalimu?"

"Pale pa kawaida, juu, karibu na waya wa kibodi. Kama ile ya zamani."

Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na grafiki ndani ya prosesa, kwa hiyo tundu la juu lilikuwa sahihi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina grafiki ndani, na tundu la picha lililo kwenye madabodi halina kitu nyuma yake. Picha hutokea kwenye matundu ya kadi, yaliyolala chini yake. Upande wa AMD, Ryzen nyingi za soketi ya AM4 hazina grafiki isipokuwa zile zenye G, kama 5600G. Ryzen 7000 za AM5, zilizotoka 2022, nyingi zilikuja na grafiki ndogo ndani. Mwalimu akahamisha waya, picha ikaja. Kipande cha pili cha RAM alikirudisha baadaye, kikaitika. Hakuna kilichokuwa kimekufa. Kipande cha RAM kiliinuka njiani, na waya ukachomekwa kwa mazoea.

Sasa chukua mashine iliyo kimya kabisa: unabonyeza, hakuna feni, hakuna kitaa. Huku kwetu anza ukutani. Soketi zetu zina swichi zake, pawa saplai nayo ina swichi ndogo nyuma, na ekstensheni ina ya kwake. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye tundu lilelile uone. Baada ya hapo shuku swichi ya kasha. Nyaya zake mbili nyembamba huchomekwa kwenye kundi la pini ndogo kwenye kona ya chini ya madabodi, na ni rahisi mno kuziweka hatua moja pembeni. Soma mchoro wa kijitabu, chomoa nyaya hizo, kisha gusisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja. Mashine ikiamka, swichi au nyaya zake ndizo mbaya. Stima ya pini hizo ni ndogo na haimdhuru mtu.

Isipoamka, ipime pawa saplai peke yake. Ichomoe kutoka kila kitu ndani ya kasha isipokuwa feni moja ya kuipa mzigo. Katika plagi ya pini 24, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwa kipande cha waya, kisha washa. Pawa saplai nyingi za siku hizi zina nyaya nyeusi tupu, na hapo waya wa kijani unautambua kwa nafasi yake, ambayo ni pini ya 16. Feni ikizunguka, shika multimita. Volti 12 inaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Jaribio hili halionyeshi pawa saplai itakavyokuwa ikibeba mzigo mzima, lakini iliyokufa itajionyesha. Kitu kimoja usikifanye kamwe: usifungue sanduku la pawa saplai lenyewe. Ndani yake kuna kapasita zinazotunza stima ya kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Pawa saplai za bei nafuu, hasa za mitumba, bado huja na kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Stima ya Kenya ni volti 240, kwa hiyo lazima kisome 230. Kikiwa 115, ukiwasha utasikia mlipuko na harufu ya kuungua, na hapo hakuna cha kupima tena. Na stima yetu yenyewe ina tabia zake. Kinu cha kusaga mahindi kikianza kuzunguka kwenye laini moja na wewe, volti hushuka, na mashine iliyokuwa karibu kuamka hurudi nyuma na kuanza upya. Mvua za alasiri kutoka upande wa Ziwa Victoria hadi vilima vya Elgon huja na radi nyingi. Mvua ikitanda, chomoa plagi ukutani, chomoa na waya wa intaneti. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Ipo hali ya tatu, na hii ndiyo huwatia watu hofu zaidi: feni zinaruka robo mzunguko, zinasimama. Mara nyingi hiyo ni pawa saplai inayojikinga kwa sababu mahali fulani stima inapita pasipostahili. Kwenye mashine mpya mimi huanza na vile vinguzo vidogo vya shaba vinavyoinua madabodi isiguse bati la kasha. Kasha hubeba madabodi za ukubwa mbalimbali, kwa hiyo lina matundu mengi ya vinguzo kuliko unavyohitaji. Kinguzo kimoja kikibaki pasipo tundu la skrubu juu yake, kinagusa mgongo wa madabodi na kuleta shoti. Toa madabodi nje, uilaze juu ya boksi lake la karatasi. Usiilaze juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa, maana upande wake wa nje unaweza kupitisha stima. Bakiza prosesa na kipoza joto chake, kipande kimoja cha RAM, na grafiki kama prosesa haina yake. Ikiamka juu ya boksi na kukataa ndani ya kasha, kosa liko kwenye kasha.

Mashine ikiwa juu ya boksi hivyo, angalia plagi ambayo husahaulika kuliko zote: ile ya pini nane, au nne, iliyo kona ya juu karibu na prosesa. Bila hiyo feni zinaweza kuzunguka na taa za urembo zikawaka kwa raha zao huku prosesa haina stima. Tatizo lake ni kwamba inafanana na plagi ya kadi ya grafiki, ambayo nayo ina pini nane. Zitofautishe kwa mgawanyiko: ya prosesa hugawanyika nne kwa nne, ya kadi hugawanyika sita na mbili. Ikigoma kuingia, usiisukume.

Na hapa nina onyo kwa karakana zetu, ambako waya mzuri hautupwi. Pawa saplai ambazo nyaya zake huchomolewa zote hazina mpangilio mmoja wa pini upande wa sanduku. Plagi ya kampuni moja inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine, kisha ikapeleka volti 12 palipotakiwa volti 5. Diski huungua papo hapo, pamoja na kazi ya mtu ya miaka mingi. Nyaya za kila pawa saplai zifungwe pamoja nayo, na mashine ikiuzwa ziende nayo. Kwa jambo hili sina subira na mtu.

Kitaa cha CPU kikibaki kimewaka kwenye mashine mpya, mara nyingi watu hulia kwamba prosesa imekufa. Prosesa huharibika kwa nadra. Kinachotokea zaidi ni BIOS ya zamani kukutana na prosesa iliyozaliwa baada yake. Madabodi za B450 zilitoka 2018, na Ryzen za familia ya 5000 zilianza kutoka Novemba 2020. Zinaingia kwenye soketi ileile ya AM4, lakini madabodi iliyokaa stoo na BIOS yake ya awali haiitambui prosesa hiyo na haiamki. Baadhi ya madabodi zina kitufe cha kupokea BIOS mpya kutoka kwenye flashi hata bila prosesa: flashi iandaliwe kwa FAT32, faili ipewe jina ambalo kijitabu kinataka, kisha usubiri mpaka kitaa chake kiache kupepesa. Isiyo na kitufe hicho itahitaji prosesa ya zamani ya kuazima, na Bungoma utaazima wapi? Mwulize muuzaji wa Nairobi kabla ya kulipa, na umwombe aipandishe BIOS yeye kabla mzigo haujapanda basi.

Kwa wenye RAM ya DDR5, hasa kwenye AM5, kuna ugonjwa ambao si ugonjwa. Mara ya kwanza mashine inapowashwa huifanyia RAM mazoezi ya kasi, na kwa dakika kadhaa skrini hubaki giza. Mtu asiyejua huzima, akawasha tena, na mazoezi yakaanza upya. Kapike chai. Ikifika robo saa bila dalili, ndipo urudi kwenye vitaa. Hapo unaweza pia kuisahaulisha BIOS mipangilio yake: chomoa ukutani, toa betri ya CR2032 kwa dakika kadhaa, irudishe.

Kitaa cha BOOT ndicho chepesi kuliko vyote. Mashine imefika mwisho wa safari na haijaona mfumo. Diski mpya huja tupu, kwa hiyo chomeka flashi yenye Windows au Linux. Kama diski imetoka kwenye kompyuta ya zamani, huenda iliandaliwa kwa mtindo wa zamani ambao BIOS mpya haiufuati. Nakili kazi yako kwingine, uiandae upya. Diski zile nyembamba kama kipande cha ubani zina jinsi mbili, NVMe na SATA, na si kila tundu hupokea zote.

Ikiwa baada ya yote hayo kipande kimethibitika kuwa kibovu, piga video fupi mashine ikiwa juu ya boksi, vitaa vikionekana, na nambari ya kipande ikisomeka. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 humtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa, na muuzaji mwenye akili akiona ushahidi wa namna hiyo hapotezi muda kubishana nawe.

Sasa kila mashine ninayoiunda Kitale na inayokwenda Bungoma, mimi huitoa kadi yake ya grafiki na kuifunga ndani ya boksi lake. Kasha hulala ubavu, madabodi ikiwa chini na kipoza joto kikisimama juu yake, lisiwekwe kwenye keria bali kwenye kiti au mapajani mwa mtu. Vishikio vya RAM navikagua mara ya mwisho kabla ya kufunga. Na kama prosesa haina grafiki, tundu la picha la madabodi nalifunika kwa plasta, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: SKRINI CHINI.